Mguu wa Pongo Uliorudishwa

S.L.P. 218,
Kiminini,
Trans-Nzoia.

14 Machi 2025

Mpendwa mwanangu Kizito,

Pokea salamu zangu na za mama yako mkubwa Edinah, ambaye amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha kwamba nimetanguliza salamu kabla ya ugomvi. Hujambo? Ciru hajambo? Yule mdogo aliyekuwa akikohoa tangu Krismasi amepata nafuu? Tulisikia redioni kuwa upande wenu wa Amerika theluji ilizika magari, nikamwambia Edinah kwamba mtu aliyelelewa Kiminini hawezi kushindwa na matope, hata yakiwa meupe.

Sisi tu wazima kwa kipimo cha umri wetu. Gazeti bado nalisoma bila miwani, mradi niliweke mbali, ila mkono umeanza kuwa mfupi kwa kazi hiyo. Edinah anatembea hadi kanisani na kurudi bila kupumzika njiani. Mama yako Nanyama tulimwona Misikhu juma lililopita, amenenepa kidogo, na ameniagiza nikuambie kwamba simu ya Jumapili haitoshi. Mvua haijaja. Mawingu yanakusanyika juu ya Elgon kila alasiri, yanatutazama, kisha yanavuka kwenda Uganda. Watu wamelima, wanangoja na mbegu mkononi.

Pengine utashangaa kuona karatasi badala ya simu. Nitasema wazi. Simu niliyo nayo ilinunuliwa na rafiki yako Tonny kwa niaba yako, naye ndiye aliyeiwasha, akaitia nambari ya siri aliyoichagua mwenyewe. Sisemi kwamba anasoma ninayoandika humo. Nasema anaweza. Barua hii nitaitia posta Kitale kwa mkono wangu, nayo haina nambari ya siri ila gundi.

Sasa nije kwenye shamba.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni tulipoteremka kutoka kule juu Elgon, tukikimbia vita, mwaka wa tisini na mbili, kwa hiyo nivumilie nikirudia mambo ambayo baba yako, Mungu amrehemu, angekueleza vizuri zaidi. Shamba la babu yako halikuwahi kupata hati. Tulijua lilikoanzia na lilikoishia, majirani walijua, na kwa wakati ule hilo lilitosha. Tuliondoka na magodoro na redio. Wengine walirudi baada ya miaka michache. Sisi hatukurudi, kwanza kwa hofu, kisha kwa mazoea, na mazoea ni kufuli gumu kuliko hofu.

Sasa wapimaji wa serikali watapanda huko baada ya Pasaka. Watasimama kwenye kila shamba na kuwauliza majirani mbele ya watu wote: hili ni la nani? Jina litakalotajwa ndilo litakaloandikwa, na likishaandikwa, kulifuta ni kazi ya mawakili na wajukuu. Kwa hiyo kila kinachosemwa kule mteremkoni mwezi huu kina uzito ambao hakikuwa nao mwaka jana. Nakuomba uyasome yaliyosalia ukilikumbuka hilo.

Jirani tunayepakana naye ni Kiptanui. Ng'ombe wake na ng'ombe wetu walikunywa kwenye kijito kimoja kabla ya vita. Miaka yote hii hakulima shamba letu, wala hakumruhusu mtu mwingine alilime. Ungedhani hilo lingenituliza. Halikunituliza. Mtu anayelima shamba lako unajua anachotaka. Asiyelilima nilimwona kama mtu anayengoja nife.

Basi shamba likajiotea. Vichaka vilifunika ukumbi, miti ikasimama jikoni, na pongo, wale swala wa vichakani, wakaja. Nataka ulielewe jambo hili vizuri, kwa kuwa naona kwenye maneno yako ya mwaka jana kana kwamba wanyama wale ni bahati nzuri. Hawakuletwa na mpango wa mtu yeyote. Walikuja kwa sababu sisi tuliondoka.

Uliponipigia na kunieleza jinsi wazungu wa huko wanavyotunza mashamba ya familia kwa ajili ya kulungu, nilikusikiliza kwa makini. Ulisema wanapanda majani matamu katikati ya msitu, wanaacha vichaka vizito ili mnyama apate mahali pa kulala, wanakata mti nusu na kuulaza ungali hai ili uwe dari la kujifichia, wanawaacha majike na wachanga, kisha msimu ukifika wanawinda madume wachache kwa upinde na kuwatoza wageni wanaotaka kuwinda. Ulisema anayewinda ndiye anayejali zaidi mnyama asiishe. Hoja hiyo si ya kijinga. Nimeitafakari mara nyingi, na upande wa kutunza naukubali. Ni upande wa upinde ninaoutilia shaka, kwa kuwa nchi hii ilipiga marufuku uwindaji wa kujifurahisha tangu mwaka wa sabini na saba, na nilikuambia hivyo. Ukanijibu kwamba sheria itabadilika, na kwamba Tonny, uliyesoma naye Kitale, ataanza na kutunza tu.

Mwezi wa Januari Tonny alinipeleka nikaone. Nitakuwa mkweli: nilikuta kazi nzuri. Ameziba kijito kikafanya kidimbwi. Amepanda marando ya viazi vitamu mahali lilipokuwa ghala la babu yako. Mbuzi wa watu hawaingii tena, na mitego ya waya imeng'olewa. Tulikaa kimya upande wa chini wa upepo, na jioni pongo dume akatoka, mwekundu kama udongo uliolowa, madoa meupe ubavuni, akasimama hasa pale bibi yako alipokuwa akianika mtama. Alibweka mara moja kama mbwa aliyeudhiwa. Sikujua kama nifurahi au niombe ruhusa ya kupita.

Lakini pia niliona ngazi iliyoegemezwa mtini, na juu yake ubao wa kukalia. Nikamuuliza Tonny ule ni wa nini.

"Wa kuangalia wanyama, mzee."

"Kwani aliyekaa chini hawaoni?"

"Ai, mzee, wewe unashuku hata ngazi!"

Nilicheka naye. Nilikosea kucheka.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, kijana wa Kiptanui anayeitwa Kipchirchir alisimamisha pikipiki mlangoni petu. Alikuwa na gunia dogo. Alisema ametumwa na Kiptanui, kwamba hiki ni changu, na kwamba hakuambiwa neno lingine. Nilifungua gunia. Ulikuwa mguu wa mbele wa pongo, wa kulia, ngozi ikiwa bado juu yake, kwato safi kama zimepigwa brashi.

Edinah alichungulia kutoka jikoni. "Baba, hiyo nyama ikiingia kwangu, mimi natoka."

Sasa fikiri nilivyofikiri mimi. Nyama ya porini ni jela, hata kwa anayeikuta tu mikononi mwake. Kiptanui hajanitumia hata hindi moja tangu tisini na mbili. Wapimaji wako njiani. Na ghafla, bila neno, analeta mguu wa pongo kwangu, mchana, barabarani Kiminini ambapo kila mtu anaona. Nilitazama kushoto na kulia nikitafuta gari la askari wa wanyama. Nikajiambia, mzee huyu amengoja nife, nimechelewa, sasa ameamua nifungwe.

"Mrudishie," nikamwambia Kipchirchir. "Mwambie Wabwile hataki."

Kijana alinikodolea macho. "Nimwambie hivyo hivyo, mzee?"

"Hivyo hivyo."

Aliondoka polepole, kama mtu anayengoja kuitwa. Sikumwita.

Siku ya soko Edinah alikwenda Misikhu kumwona mama yako, akakutana huko na mwanamke wa kutoka kule juu aliyeleta viazi. Mwanamke yule alimsalimu kwa huruma, kama mtu aliyefiwa. Akamwambia, "Pole, mama. Tumesikia mzee amekataa shamba." Edinah alidhani amemchanganya na mtu mwingine. Yule akasisitiza, "Si ni Wabwile? Si amerudisha mguu?"

Kizito, Edinah aliponiletea maneno hayo, nilikaa chini kwenye ngazi ya mlango.

Kwa sababu desturi ile naijua. Kule kwetu mteremkoni, kwa Wabukusu na kwa Wasabaot waliokuwa majirani zetu, wawindaji wa zamani walikuwa na sheria ambayo hata wezi hawakuivunja. Mnyama akianguka, mguu wa mbele wa kulia unakwenda kwa mwenye udongo alioangukia. Haijalishi nani alirusha mkuki wala mbwa ni wa nani. Kuupokea ni kusema, ndiyo, hapa ni pangu. Kuukataa ni kusema, si pangu, mtafuteni mwenyewe. Hapakuwa na karani wala muhuri. Palikuwa na mguu. Babu yako aliupokea mara nyingi, na nikiwa kijana nimeubeba begani mimi mwenyewe, damu ikinidondokea shatini, mama akinifokea.

Naijua, lakini nilikuwa sijaiona kwa zaidi ya miaka thelathini, na siku ile ilipokuja mlangoni sikuitambua. Nilimwona Kiptanui tu. Shaka ilitangulia, ikafungua mlango, ikajibu kwa niaba yangu.

Ndipo nilipokwenda Kitale kumtafuta Tonny. Nilimkuta hotelini akinywa chai na watu wawili waliovaa suruali za mifuko mingi, nao waliinuka na kwenda kabla sijaketi. Sikupewa majina yao. Nilimuuliza kama pongo ameuawa kwenye shamba letu.

Alizungusha kikombe. "Mmoja tu, mzee. Dume zee. Wale jamaa walitaka kujaribu upinde." Ni ule upinde wa chuma wenye magurudumu madogo, kama niliouona kwenye picha zako, Kizito. Hauna kelele. Ndiyo maana hakuna jirani aliyesikia.

"Na mguu?"

"Kizito aliniambia ukiua wa kwanza, peleka kipande kwa jirani, ati wasione tunawaficha. Huko kwao ndivyo wanafanya, bana. Ujirani mwema."

"Kwa nini mguu wa mbele? Kwa nini usimpe ubavu?"

"Si ni mguu tu, mzee! Ningempa kichwa ungesema nimemroga."

"Kwa nini wa kulia?"

Hapo simu yake ikawa na kazi ghafla. Niliona kioo chake: hapakuwa na mtu anayempigia. Nilirudia swali, naye akasema anachelewa mahali.

Nakuandikia ninachoshuku, nawe unipime. Tonny alizaliwa mjini. Hajui tofauti ya mtama na wimbi. Mtu kama huyo akikata mnyama na kuchagua sehemu ya kugawa, kwa nini mkono wake uende kwenye kipande kile kimoja chenye maana, na kwa nini akipeleke kwa Kiptanui, anayepakana nasi, badala ya kwangu mimi mwenye shamba, ambaye nambari yangu anaijua kuliko ninavyoijua mwenyewe? Yawezekana ni bahati. Yawezekana pia kuna mtu aliyemweleza, kwamba ukimpa Kiptanui mguu huo na akaula, wapimaji watamkuta na shamba, na kukodi shamba kwa mzee mmoja aliye palepale ni rahisi kuliko kukodi kwa familia iliyotawanyika kutoka Bokoli hadi Amerika. Tangu Novemba amekuwa akiniuliza kuhusu kukodi. Nilidhani ni maneno ya kupitisha wakati.

Jumatano iliyopita nilipanda kwenda kwa Kiptanui. Nilikuwa sijaingia nyumbani kwake tangu tuondoke. Amezeeka. Nilitaraji kumkuta kama nilivyomwacha, kisha nikakumbuka kwamba naye labda alitaraji hivyo kwangu. Mkewe Jelagat alituletea maziwa ya kibuyu, nami nikasubiri Kiptanui anywe kwanza. Jelagat aliona.

"Kunywa, mzee Wabwile. Ningetaka kukuua ningekutilia sukari, kwa umri huo."

Nilikunywa. Yalikuwa mazuri, na bado yana ladha ile ya mkaa wa mti uliosugua kibuyu, ambayo sijaipata Kiminini.

Hatukuzunguka sana. Nilimuuliza juu ya mguu. Alinieleza bila haraka kwamba Tonny aliuleta akiwa ameufunga kwenye gazeti. "Nikamwambia, kijana, mimi si mwenye hapa. Mwenye hapa yuko Kiminini. Akasema, 'Chukua tu, mzee, ni ya ujirani.' Nikamwambia tena. Akawasha gari. Basi nikakutumia."

Soma hapo mara mbili, Kizito. Tonny aliambiwa, na Kiptanui mwenyewe, kwamba mguu ule si wa Kiptanui. Akaondoka. Hakunipigia.

"Na uliporudi?" nikauliza.

"Ulikaa. Ukaanza kunuka. Nikala."

"Ulikula?"

"Ulitaka niutupe? Wazee walijua umerudi. Walijua nimekula. Ningewezaje kusema sikula?" Aliweka kibuyu chini. "Umenirudishia mbele ya Kipchirchir, na Kipchirchir ana mdomo kama redio ya betri mpya."

Nikamuuliza atasema nini wapimaji watakapokuja. Sikupenda sauti yangu nilipouliza. Ilikuwa sauti ya mtu anayeomba.

"Nitasema nilichoona," alisema. "Nitasema nilikutumia. Nitasema ulirudisha. Wakiniuliza kwa nini ulirudisha, nitanyamaza, maana sijui. Wewe unajua?"

Nilijua. Hapo ndipo nilipobanwa, mwanangu, na nataka uone jinsi nilivyobanwa. Nikinyamaza, mguu uliorudi unabaki na maana yake ya zamani, na shamba limekwenda. Nikitoa sababu, namwambia shahidi wangu wa pekee, ndani ya nyumba yake, maziwa yake yakiwa tumboni mwangu, kwamba nilimwona msaliti.

Nilimwambia. "Nilidhani unanitega. Nilidhani umewaambia askari."

Jelagat alicheka kwanza, kicheko kikali. "Kukutega wewe? Mtu hata kuku wake hatuwajui!" Lakini Kiptanui hakucheka. Alitazama nje, upande wa shamba letu, ambako huoni chochote siku hizi ila majani.

Akasema, "Mlipoondoka nilijua mtarudi na polisi mseme mimi ndiye niliyechoma nyumba zenu. Kila gari lililopanda nililihesabu ni lenu. Ndiyo maana sikulima. Mtu asije akanikuta na jembe kwenye udongo wako."

Mwaka baada ya mwaka nilidhani kutolima kwake ni hila. Kumbe kilikuwa kiapo chake cha kila siku kwamba hakutuchoma. Au ndivyo alivyosema. Nakuandikia alivyosema.

Mwishoni aliniwekea sharti. Siku ya wapimaji nisimame mimi mwenyewe mbele ya watu, hasa watu wake, niseme nilichomwambia chumbani: kwamba mguu nilirudisha kwa sababu nilimshuku Kiptanui, si kwa sababu udongo si wangu. Nikisema hivyo, atajibu kuwa mguu ulikuwa wangu tangu mwanzo na kwamba yeye alikula chakula kilichotaka kuoza, basi. Nisiposema, yeye hatasema kwa niaba yangu. "Sitabeba aibu yako na yangu pamoja," alisema.

Sasa nikuambie ninachotaka kutoka kwako.

La kwanza, mwondoe Tonny kwenye shamba hilo leo, na ngazi yake, na watu wake wa suruali za mifuko. Vichaka na kidimbwi vibaki. Pongo wamekaa huko muda mrefu, sina haja ya kuwafukuza, na kama siku moja wageni watalipa kuja kuwatazama tu, tutazungumza, wewe na mimi, bila mtu wa kati. Lakini upinde haurudi. Familia isiyo na hati haiwezi pia kuwa familia yenye kesi ya wanyamapori.

La pili ni swali, na nataka jibu lako kwa maandishi, lifike kabla ya Pasaka. Tonny anasema ulimwambia apeleke kipande kwa jirani. Naweza kuliamini hilo. Umekaa ugenini, unaona watu wakigawiana nyama ya kulungu uani, ukafikiri ni adabu ya kawaida, nawe hukufundishwa kwamba kwetu nyama ina anwani. Kosa hilo ni letu tuliokulea bila kukueleza, sikulaumu. Lakini je, ulimtajia mguu? Ulimtajia wa kulia? Na kama hukumtajia, unajua ni nani aliyemtajia? Usinijibu kwa simu. Usimwulize Tonny kwanza.

Najua swali hili litakuuma. Litakuuma kwa sababu wewe umo ndani yake. Nimejaribu kuliandika bila wewe ndani yake, nikashindwa. Nimemshuku Kiptanui kwa miaka thelathini na mitatu na nikakosea, au nadhani nimekosea. Namshuku Tonny sasa. Sitaki kuzeeka nikikushuku wewe kimyakimya kwa namna ile niliyomshuku Kiptanui, kila mmoja upande wake wa kichaka, hadi mmoja wetu afe. Ndiyo maana nakuuliza usoni, hata kama uso wenyewe ni karatasi.

Jambo moja sikumwambia Kiptanui. Nilipokuwa nikiteremka jioni ile, kabla sijafika barabara kubwa, nilianza kumshuku tena. Nilijiuliza kwa nini anataka sana niseme mbele ya watu wake. Mtu akisimama hadharani akakiri kwamba alimdhania jirani yake uovu, watu wale wanaweza kumwonea huruma, na wanaweza pia kusema: mtu wa moyo kama huu, tunamrudishia shamba la nini? Huenda Kiptanui anajua hilo. Huenda anataka tu kusafishwa jina lake kabla hajafa, jambo ambalo mimi pia ningelitaka. Nimeligeuza swali hilo kila upande na silipati jibu, na nimesoma vitabu vingi kwa mtu asiyepata jibu.

Nitakwenda hata hivyo. Nitasimama nitakapoambiwa nisimame, nitasema nilimshuku, kisha nitafunga mdomo na kumwacha Kiptanui aseme lake. Miaka yote nimeyalinda maneno yangu kama mtu anayelinda ghala, na nimekaa nje ya ghala hilo. Edinah amekubali kuja nami. Amesema akiniona naanza kueleza zaidi ya inavyotakiwa atanivuta koti.

Nisalimie Ciru, na umwambie asante kwa soksi, ninazivaa hata kukiwa na jua. Wasalimie watoto kwa majina yao yote, ya huko na ya huku. Mama yako Nanyama anakusalimu na kukuombea. Wa Bokoli wote hawajambo, na shangazi yako wa huko anauliza kila mara kama una mwili wa kutosha kwa baridi hiyo. Hapa jirani zetu wa kanisani wanakukumbuka kwenye sala ya Alhamisi.

Mungu wa babu yako akufunike, awape watoto vifua vyenye afya, awaongoze wapimaji, na akupe ujasiri wa kunijibu jinsi ilivyo.

Wako akupendaye, na ambaye amechagua kukuuliza kuliko kukunyamazia,

Baba yako mkubwa,
Wabwile.